Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Asubuhi ile ya Jumamosi Specioza aliamka na furaha ambayo aliona haya kuionyesha. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni la kijani alilolichagua mwenyewe ndani ya belo la mitumba kabla mteja yeyote wa soko la Bariadi hajalitia mkono. Kisha akafunga kitenge juu yake, kwa sababu gauni lilimkaa vizuri kupita kiasi, na ndani ya nyumba ile hakuwa peke yake.

Alipotoka uani alimkuta mama mkwe wake, Milembe, ameshaketi kitambo, kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kiko ubavuni, miguuni amevaa vile viatu vya plastiki ambavyo huwa havitoki isipokuwa kwa msiba.

"Ng'wangaluka, mayu," Specioza alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma huku akipiga goti. "Mbona viatu? Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

"Mimi nakwenda Lamadi na Marcelo. Nilikuambia jana."

"Uliniambia. Nikakuuliza mnakwenda kufanya nini, ukasema mnakwenda kutembea." Milembe alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. "Uzee huu wote nilionao, sijaona mtu anachoma petroli ili akatembee. Nimeona nije niutazame huo utembezi wenyewe ukoje."

Specioza alikaza fundo la kitenge. Ni lini aliwahi kumshinda bibi huyu kwa maneno? Mumewe Sayi alipofariki, binti yao Flora alikuwa bado ananyonya, na shemeji yake Jilala alikuja kutoka kijijini kwao Mwamapalala na madai yake kwamba mke wa ndugu yake sasa ahamie kwake awe mke wa pili. Aliyemfukuza Jilala hakuwa mwingine ila huyu huyu mama yake mzazi. Tena hakuishia hapo. Alifunga mizigo yake akamfuata mkamwana wake mjini Bariadi, akakaa naye. Ubaya ni kwamba kwa mkono mmoja alimfukuza Jilala, na kwa mkono wa pili akawafukuza wanaume wengine wote. Mwanamume akibisha hodi pale, Milembe ndiye anayeitikia.

Honi ililia nje. Moyo wa Specioza uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Marcelo alishuka kwenye pikapu yake, shati jeupe limepigwa pasi, mikono mirefu ameikunja hadi kwenye viwiko. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mpole wa maneno. Miaka mingi aliendesha malori ya kusomba pamba ya ushirika, mpaka biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mwenye uwezo na madereva wakapunguzwa kazini. Ndipo akanunua pikapu kuukuu, akaanza kubeba mizigo ya wafanyabiashara. Belo za Specioza zilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo. Siku moja alipokuwa akimshushia belo alimuuliza, "Mama Flora, umewahi kuliona ziwa pale Lamadi?"

"Kila mwezi napita pale nikienda Mwanza," Specioza alimjibu.

"Sikuulizi habari ya kupita. Nauliza, umewahi kuliona?"

Specioza akafikiri, akagundua hajaliona. Kila mara anapopita pale huwa amebanwa na mizigo ndani ya basi, kichwa kimelalia begani kwa mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo Marcelo alikuwa amemwahidi safari ya polepole, isiyo na belo wala haraka.

Sasa Marcelo aliwatazama wanawake wawili, akakitazama kikapu, akaelewa. Hata hivyo hakukunja uso.

"Karibu sana, mayu. Leo nimepata bahati."

"Bahati yako tutaiona mbele ya safari, dereva," Milembe alijibu, akapanda mbele, akateleza mpaka katikati ya kile kiti kimoja kirefu, akajikita hapo kama nguzo ya zizi. Specioza akapata dirisha upande wa kushoto. Flora alibaki kwa jirani yao Monika, akiwapungia mikono yote miwili.

Taabu ilianzia kwenye gia. Mti wa gia ulikuwa katikati, na katikati ndiko yaliko magoti ya Milembe na kikapu chake.

"Samahani, mayu. Gia," Marcelo alisema.

Milembe alisogeza magoti upande mmoja. Mwendo mfupi tu:

"Samahani, mayu. Gia."

"Hii gari yako haitosheki?"

"Kuna mlima, mayu."

Specioza aligeukia dirishani akauma ncha ya kitenge chake asicheke. Alipogeuka tena, macho yake yalikutana na macho ya Marcelo ndani ya kile kioo kidogo cha juu. Hakujua kimegeuzwa lini, ila kilikuwa kinamtazama yeye. Marcelo alitabasamu kwa kona ya mdomo. Specioza alihisi joto likimpanda shingoni.

"Hicho kioo," Milembe alisema bila kugeuza kichwa, "ni cha kutazama nyuma au cha kutazama watu?"

Marcelo akakirekebisha haraka.

Walipita Dutwa, vilima vya mawe makubwa yaliyopandana bila kuangushana, na nyani mmoja amekaa juu kabisa akijikuna kifua. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Nyuzi za pamba zilizopeperuka kutoka kwenye malori zilikuwa zimenasa kwenye miiba kando ya barabara, ungedhani vichaka vya Julai vimechanua maua meupe. Marcelo hakukimbiza gari. Kila penye kitu alipunguza mwendo: hapa mbuni dume na majike yake, pale korongo wamejipanga kwenye dimbwi linalokaribia kukauka. Specioza aliuliza, Marcelo akajibu, na maneno yao yakawa yanapita juu ya kilemba cha Milembe, yakienda na kurudi. Yalikuwa maneno ya ndege na mawe tu. Lakini sauti zilizoyabeba zilikuwa na habari zake nyingine.

Kisha barabara ilipanda kidogo, ikashuka, na mbele yao ukatokea mstari wa buluu uliolala chini ya mbingu kutoka upande huu hadi upande ule.

"Ni nini kile?" Milembe aliuliza.

"Ndiyo ziwa lenyewe, mayu."

Bibi alinyoosha shingo kuelekea kioo cha mbele. Walipita vibanda vya Lamadi, wakaiacha barabara kuu na kufuata njia ya mchanga iliyoshuka kuelekea majini. Pikapu iliposimama, alishuka bila kusubiri kupewa mkono, akaenda mpaka vile viatu vyake vya msiba vikaloa. Yangeyange waliruka mbele yake kama karatasi zilizopulizwa. Mbali kidogo kisiwa kidogo cha mawe kilikuwa kimejaa minandi wakianika mbawa zao.

"Dereva," aliita. "Ng'ombe wote wa Usukuma wakiletwa hapa kunywa, haya maji yatapungua?"

"Hayatapungua, mayu."

"Pamoja na wa Mwamapalala?"

"Hata pamoja na wa Mwamapalala."

"Muongo wewe!" alisema Milembe, lakini sauti ilikuwa imelainika. Mara akashtuka na kurudi nyuma hatua. "Mayo! Lile jiwe limepumua!"

Lilikuwa limepumua kweli. Jiwe la pili likapumua, la tatu likafungua kinywa chekundu kipana na kupiga miayo.

"Viboko hao, bibi," alisema mama mmoja aliyekuwa akikaanga sato kando ya njia, Shida kwa jina. "Mchana huu wamelala. Kaa hapa kwangu uwaone vizuri, hawana neno ukiwa mbali."

Milembe akakaa. Aliweka kikapu chini, akashika kidevu, akawatazama wale wanyama kama mtu aliyekuja kuchagua dume la mbegu mnadani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisahau kazi iliyomleta.

Marcelo aliona nafasi yake.

"Njoo," alimwambia Specioza kwa sauti ya chini. "Nina kitu cha kukuonyesha. Si mbali."

Hatua chache kutoka pale, juu ya mwinuko ulio kati ya maji na barabara ya Musoma, palikuwa na nyumba iliyoanza. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, mifuko ya saruji imefunikwa turubai, na kati ya chumba na chumba nyasi zilikuwa bado zinaota. Marcelo alipita mlango usio na mlango, akampisha.

"Ni ya nani?" Specioza aliuliza, ingawa alijua.

"Ni yangu. Siku hizi magari ya watalii yanapita hapa kila siku kwenda kwenye lango la mbuga pale Ndabaka, na wasafiri wa Musoma wanalala popote giza linapowakuta. Nimeona niwajengee vyumba vya kulala na mahali pa kula samaki." Alikuwa akisema haraka, kama mwanafunzi anayeogopa kusahau alichokariri. "Hiki cha mbele, dirisha lake linatazama barabara. Nimelifanya pana ili nguo zionekane ukiwa bado ndani ya basi."

"Nguo?"

"Duka lako. Kama utataka."

Specioza aliweka kiganja juu ya ukuta. Tofali lilikuwa na joto la jua.

"Na kile cha pembeni?"

"Kile kinatazama maji," Marcelo alisema, na sasa haraka yote ilimwishia. Alimtazama kwa yale macho yake ambayo Specioza alikuwa akiyakimbia sokoni mbele za watu. "Kile ni chetu, Specioza."

Alimwita kwa jina lake. Si Mama Flora. Jina lilitoka kinywani mwake taratibu. Upepo wa ziwani uliingia kupitia madirisha yasiyo na fremu, ukacheza na pindo la kitenge. Ni muda gani tangu mtu amjengee kitu? Ni muda gani tangu mtu amfikirie akiwa hayupo, apime dirisha kwa ajili yake? Alitaka kukubali. Neno lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Ndipo akakumbuka mikono miwili mikavu iliyomkumbatia siku ya kumzika Sayi, mikono ya mama aliyekuwa akizika mwanawe na bado akapata nguvu ya kumshika mwingine.

"Siwezi, Marcelo."

"Hunipendi?"

"Usiniulize hivyo."

"Nikuulize vipi?"

"Ni mayu. Nikija huku, yeye atabaki na nani? Yeye na Jilala hawaelewani. Mimi ndiye niliyebaki kwake, mimi na Flora. Na hatakubali, unamwona alivyo. Tangu asubuhi umembeba katikati kama ukuta." Machozi yalimjia, akayafuta kwa kiganja. "Tafuta mwanamke ambaye hana mizigo. Mimi jibu langu ni hapana."

"Kwa hiyo anayekataa si wewe. Ni yeye."

"Ni yeye."

"Ni nani?" iliuliza sauti ya tatu.

Kilemba kilitokeza juu ya ukuta, halafu uso, halafu Milembe mzima akaingia kupitia mlango usio na mlango, sato wa kukaanga mkononi, ameliwa ubavu mmoja.

"Mayu..." Specioza alianza.

"Nimeuliza ni nani anayekataa. Ni mimi? Mtu huyu ameniuliza kitu nikakataa?" Aligeukia Marcelo. "Wewe dereva, umeniuliza?"

"Sijakuuliza, mayu."

"Hajaniuliza! Sasa jina langu linatafuta nini kwenye hapana yako?" Milembe alimsogelea mkamwana wake, akimnyooshea samaki kama fimbo. "Nisikilize vizuri. Mimi nimekuja leo kutazama usidanganywe. Sikuja kukukataza kutaka. Ukimkatalia mtu huyu kwa jina langu, siku akioa mwingine utanichukia mimi. Kila ukinisongea ugali utakuwa unanichukia. Nile ugali wa chuki mpaka nife? Sitaki! Kama humtaki, mtazame usoni umwambie humtaki, tupande gari twende zetu."

Specioza alimtazama Marcelo. Marcelo alikuwa amesimama wima, mikono imelegea, uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kwenye kola ya lile shati jeupe vumbi la barabara lilikuwa limechora mstari mwekundu.

"Namtaka," Specioza alisema.

"Sema kwa nguvu. Hapa maji yanapiga kelele."

"Namtaka, mayu! Nikisikia honi sokoni nakunja tena gauni nililokwisha kulikunja. Namtaka mpaka naona aibu!"

Kule chini Shida, aliyekuwa hajui hata habari inahusu nini, alipiga kigelegele. Marcelo alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Haya," alisema Milembe, akamega samaki wake. "Hilo limekwisha."

"Mayu," Marcelo alisema, "chumba cha nyuma nimekipanga kiwe chako. Sikutaka kukutenganisha naye, wala na mjukuu wako."

"Kinatazama wapi?"

"Majini."

"Mimi nilale natazama mawe yanayopumua? Thubutu! Mlango uugeuzie bara, nione ng'ombe wa watu wanavyopita asubuhi. Na usinihesabu kila siku. Nitakuja nikitaka, nitarudi Mwamapalala nikitaka. Jilala mwachie mimi. Nilimzaa mwenyewe, najua pa kumshika."

"Ndiyo, mayu."

"Halafu usidhani umekwisha kuoa kwa sababu ya matofali. Utakuja na wazee wako, mtakaa chini, mtaniomba mimi. Huyu aliingia kwangu kama mke wa mwanangu. Mwanangu ameondoka, yeye hakuondoka." Bibi akakohoa kama mtu aliyepaliwa na mwiba. "Huyu ni binti yangu. Mwenye binti ndiye anayeombwa."

Miaka yote ile Milembe alikuwa akimwita mke wa Sayi. Mbele za wageni, mbele za majirani, hata akiwa mgonjwa kitandani. Neno binti Specioza hakuwahi kulisikia. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la saruji, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi, akalia kilio ambacho ndani yake mlikuwa na kicheko.

"Inuka, unachafua gauni," Milembe alisema, mkono wake ukimpapasa mgongoni. "Na hicho kitenge kivue, tulione. Ulidhani sikuliona?"

Waliteremka tena majini. Milembe alijaza kinywa maji ya ziwa, akawatemea vifuani manyunyu mepesi, kwanza Specioza kisha Marcelo, akasema maneno ya Kisukuma ya kuombea njia na uzazi. Halafu wakala sato mpaka Shida akabaki na sufuria la mafuta.

Wakati wa kupanda gari Marcelo alifungua mlango wa mbele kwa heshima, lakini Milembe alipita moja kwa moja hadi nyuma.

"Mayu, huko hapana!" Marcelo alisema. "Kuna vumbi."

"Sasa wewe si dereva tena, wewe unataka kuwa mkwe wangu. Mama mkwe na mkwe wake wanakaa magoti yanagusana? Wapi uliona? Asubuhi nilikuwa mlinzi, sasa nina cheo. Nitandikie hilo turubai lako la mizigo."

Hakuna aliyebishana naye. Walimtandikia turubai na magunia, wakampandisha, akaegemea nyuma ya kabini, kikapu mapajani.

Kule mbele kiti kilikuwa kimebaki kipana ghafla. Specioza alikaa dirishani pale pale alipokaa asubuhi, Marcelo kwenye usukani, na kati yao nafasi tupu. Siku nzima walikuwa wakiitamani nafasi hiyo. Sasa wameipata, hakuna aliyejua aanzie wapi. Marcelo aliwasha gari. Waliingia barabara kuu, wakaelekea kaskazini kwanza, watembee kidogo kabla ya kurudi Bariadi, ziwa likimeremeta mkono wa kushoto na nyika ya Ndabaka ikifunguka mkono wa kulia, manjano tupu mpaka mwisho wa macho. Alishika mti wa gia.

"Samahani, mayu," alisema kwa mazoea.

Wakatazamana. Kicheko kiliwatoka wote wawili kwa pamoja, kirefu, cha kushika mbavu, na kilipokwisha ile nafasi katikati haikuwepo tena. Specioza hakukumbuka ni nani aliyesogea. Bega lake lilikuwa limeegemea shati lenye harufu ya jua na sabuni ya kufulia.

"Unaliona ziwa?" Marcelo aliuliza.

"Naliona."

"Unanitazama mimi."

"Naliona kutokea huku."

Mara mkono ulipiga bati la kabini, pa, pa, pa.

"Zima gari!" Milembe alipaza sauti. "Zima, wanakuja!"

Kutoka nyikani vumbi lilikuwa linakimbia, na ndani ya vumbi hilo walitokea nyumbu, mmoja, kumi, halafu mto mzima wa migongo myeusi na ndevu zinazopepea, pundamilia wamechanganyika humo kama wageni waalikwa. Walikuwa wanavuka barabara kwenda kunywa. Marcelo alizima injini. Nyumbu waligawanyika mbele ya pikapu wakapita pande zote mbili, wakikoroma, wakirukaruka, kwato zikitikisa ardhi mpaka kiti kikatetemeka.

"Mwenye ng'ombe hawa yuko wapi?" Milembe alipiga kelele kutoka juu.

"Hawana mwenyewe, mayu!" Specioza alijibu kupitia dirishani.

"Wote hawa?"

"Wote!"

Kisha bibi wa Mwamapalala, aliyelelewa kwenye mazizi, alisimama juu ya turubai, akashika bati kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaanza kuwachunga. Aliwapigia mluzi, aliwaita, aliwakemea waliotoka kwenye msafara, aliwasifu waliokwenda vizuri. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Specioza alicheka mpaka machozi yakamtoka, akatafuta kwa mkono wake mkono wa Marcelo, akaukuta unamsubiri pale penye gia.

"Wakimaliza kupita tutaondoka," Marcelo alimnong'oneza.

Specioza alitazama kule vumbi linakotoka. Mwisho wake ulikuwa hauonekani.

"Wasimalize," alisema.